Daktari Trowell na Maradhi Yaliyokuwa Hayapo

Wako madaktari waliopata sifa kwa kugundua maradhi mapya, na wako waliopata sifa kwa kugundua dawa. Daktari Hugh Trowell alikuwa na sifa ya namna nyingine. Alikaa Afrika ya Mashariki karibu miaka 30, akatazama wagonjwa maelfu kwa maelfu, kisha akaandika kitabu kizima ambacho sehemu yake kubwa ni habari za maradhi asiyoyaona. Maradhi hayo leo tunayo majumbani mwetu: kisukari cha watu wazima, shindikizo la damu, na kuziba kwa mishipa ya moyo. Kwa hivyo nimeona si vibaya wanafunzi wenzangu, na wazee wetu wanaolisoma gazeti hili, wakamjua mtu huyu. Habari zake zinasaidia kufahamu jambo moja gumu la elimu ya viumbe ambalo siku hizi linatajwa sana spitalini, nalo ni mwili kuwa sugu mbele ya insulini.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1904. Jina lake kamili lilikuwa Hubert Carey Trowell, lakini watu walimjua zaidi kwa jina la Hugh. Alisomea udaktari katika spitali ya St Thomas', mjini London, akamwoa Bibi Margaret Sifton, ambaye alikuwa msanii. Mwaka wa 1929 mume na mke walipanda meli wakaja Kenya, yeye akiwa ameajiriwa katika idara ya utabibu ya serikali ya kikoloni. Walikaa miaka kadhaa huko, pamoja na Machakos katika nchi ya Wakamba, ambako Bibi Trowell alipendezwa mno na kazi za mikono za wenyeji. Mwaka wa 1935 wakahamia Kampala. Bwana akawa anatibu katika spitali ya Mulago na kuwafundisha vijana wa Makerere waliokuwa wakisomea udaktari. Bibi naye akaanza kufundisha uchoraji katika baraza ya nyumba yake, na kutokana na baraza hiyo ikatoka skuli ya sanaa ya Makerere yenye jina lake. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro, ambaye baada ya Uhuru alikuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Kusema kweli, katika Afrika ya Mashariki wako watu wengi zaidi wanaolijua jina la bibi kuliko la bwana.

Maradhi ya kwanza yaliyomshughulisha Daktari Trowell hayakuwa ya shibe, bali ya njaa. Kenya, na baadaye Uganda, aliletewa watoto wadogo waliovimba miguu na nyuso, nywele zao zimegeuka rangi ya kahawia au nyekundu, ngozi inabambuka kama iliyoungua, na wao wenyewe wamekaa kimya hawataki kucheza wala kula. Wengi walikufa. Mtu asiyejua angedhani mtoto amenenepa, kumbe ni maji tu yamejaa chini ya ngozi. Madaktari walibishana. Wengine walisema ni minyoo, wengine wakasema ni maradhi ya kurithi. Trowell mwenyewe mwaka wa 1937 aliandika kwamba ni pelagra ya watoto, yaani maradhi yanayotokana na upungufu wa vitamini moja. Ilipojulikana vitamini yenyewe ni ipi, akaijaribu, nayo haikufaa kitu. Watoto waliendelea kufa mikononi mwake.

Hapa ndipo ilipoonekana tabia yake. Hakung'ang'ania maneno yake ya kwanza. Alikubali kwamba maradhi yale ni yale yale ambayo Daktari Cicely Williams aliyaeleza kule Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, katika miaka ya 1930, na kuyaita kwa jina la lugha ya Waga wa huko, jina ambalo sisi tumelifanya kuwa kwashakoo. Mwenzake wa Mulago, Daktari J. N. P. Davies, aliyekuwa akipasua maiti ili kuchunguza sababu za vifo, aliona kwamba katika watoto hao kongosho lilikuwa limenyauka. Msomaji alikumbuke kiungo hiki, maana tutarudi kwake. Mwaka wa 1954 Trowell, Davies na Daktari Dean walitoa kitabu kikubwa juu ya kwashakoo, kikaeleza kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa na kupewa ndizi au mihogo mitupu, pasipo maziwa wala kunde wala samaki, yumo katika hatari. Maziwa yakawa dawa. Kama Trowell angeishia hapo angekuwa amekwisha fanya kazi ya kutosha maisha ya mtu mmoja.

Lakini katika miaka yote hiyo alikuwa akiweka hesabu nyingine kichwani. Skulini kwao London alifundishwa kwamba mtu mzima akishapita miaka 40 atazamwe moyo wake, apimwe shindikizo la damu, apimwe mkojo kama una sukari. Huku, wazee wa Kiafrika walipolazwa kwa sababu nyingine, alikuta mioyo yao haina kasoro hizo. Wanene walikuwa wachache mno, na hao wachache walikuwa watu wenye nafasi. Wenye kisukari walikuwa adimu. Mwaka ule ule wa 1929 aliofika Kenya, daktari mwingine aitwaye Donnison alichapisha habari za watu 1,000 wa Kavirondo ya Kusini aliowapima shindikizo la damu, akaonyesha kwamba halikupanda kadiri mtu alivyozidi umri, kama lilivyopanda kwa Wazungu. Na huko Mulago Daktari Davies na wenziwe waliwalinganisha maiti 632 wa Uganda na maiti 632 wa St. Louis, Marekani, wenye umri sawa. Hesabu yake ilitolewa mwaka wa 1960. Wale wa Marekani, 136 walikuwa na alama ya moyo uliopata kuharibika kwa kuziba mishipa. Wale wa Uganda, mmoja tu.

Wapo waliosema kwamba Mwafrika ameumbwa hivyo, damu yake haina kisukari wala maradhi ya moyo. Hayo ni maneno ya ovyo, na jawabu lilikuwapo tayari, kwani katika hao wa St. Louis walikuwamo Wamarekani weusi, ambao mababu zao walitoka bara hili hili. Trowell alitafuta sababu katika maisha ya watu, na si katika rangi yao. Mwaka wa 1956 yeye na mwenzake Singh walitoa habari za Mwafrika mmoja aliyepatwa na maradhi ya mishipa ya moyo. Maradhi ambayo London daktari huyaona kila wiki, hapa mgonjwa mmoja tu alikuwa habari ya kuchapishwa katika jarida! Naye mgonjwa mwenyewe alikuwa mtu mwenye cheo, mnene, aliyezoea maisha ya Kizungu.

Kabla sijaendelea na safari yake, yafaa nieleze kilichokuwa kikitokea ndani ya mwili, jambo ambalo Trowell katika siku zake za Mulago hakuwa na chombo cha kulipimia.

Tuchukue mfano wa majumba ya Michenzani, ambayo kila mtu wa Unguja ameyaona. Yalijengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1964, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, katika mitaa ya zamani ya Ng'ambo. Ni marefu kama meli, na ndani yake mna nyumba nyingi, kila nyumba na mlango wake. Tufanye kwamba mwili ni jumba moja kama hilo, kila seli ni nyumba, na damu ni barabara inayopita chini. Mtu akisha kunywa chai na chapati, unga unasagwa tumboni na kugeuka sukari, na sukari inaingia barabarani kama magari ya ng'ombe yaliyopakia mizigo. Mizigo hiyo haiwezi kupanda juu yenyewe. Lazima atangulie mjumbe apige hodi. Mjumbe huyo ni insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, kile kiungo ambacho Davies alikikuta kimenyauka katika watoto wa kwashakoo. Insulini ikipiga hodi katika seli za misuli na za mafuta, milango inafunguliwa na sukari inaingia. Ikifika katika ini kazi yake ni nyingine. Ini ni ghala lenye kuweka sukari na kuitoa polepole wakati wa njaa, hasa usiku tunapolala. Insulini huliamrisha ini lifunge ghala, kwa kuwa mizigo mipya imekwisha fika.

Sasa tuseme nyumba zimejaa magunia mpaka mlangoni. Magunia hayo ni mafuta, na mabaya zaidi si yale ya chini ya ngozi, bali yale yanayojaa ndani ya tumbo, ndani ya ini na ndani ya misuli. Wenyeji wamezibwa na magunia, hodi moja hawaisikii. Huu ndio usugu. Kongosho halikati tamaa, linatuma mjumbe wa pili, wa tatu na wa tano, mpaka mlango unafunguliwa kwa kelele. Mgonjwa akipimwa asubuhi sukari yake huonekana ni sawa, akafurahi akaenda zake. Hali hiyo yaweza kuendelea miaka 10 au zaidi.

Madhara lakini yamekwisha anza. Ini lililokuwa sugu kwa amri ya kufunga ghala bado linaisikia vizuri ile amri nyingine ya insulini, ya kutengeneza mafuta, nalo huyatengeneza na kuyamwaga katika damu. Mafigo yanayooshwa na insulini nyingi huzuia chumvi isitoke, na shindikizo la damu hupanda. Mishipa ya moyo na ya ubongo huanza kuwa myembamba. Kwa wengine ngozi ya shingoni, nyuma, hugeuka nyeusi na nene kama mahameli. Kijana wa namna hiyo hugombezwa nyumbani kwamba haogi vizuri, akajisugua kwa dodoki mpaka akajichubua, kumbe weusi ule unatoka ndani na sabuni haiupati. Ningewaomba wazazi na walimu wa bweni waliangalie jambo hili.

Mwisho wake seli za kongosho huchoka kutuma wajumbe. Hapo ndipo mizigo inapobaki barabarani, sukari inapanda, mtu anakojoa kila saa na kuona kiu, akaambiwa ana kisukari. Yeye husema maradhi yamemwanza mwezi uliopita. Kwa hakika yalikwisha kaa naye miaka mingi, yakipanda ngazi kimyakimya.

Haya siyachanganyi na kisukari cha namna ya kwanza, ambacho aghalabu huwapata watoto na vijana. Huko kongosho halitoi insulini kabisa, kwa sababu askari wa mwili wenyewe wamelishambulia. Mtoto huyo hakujiletea maradhi kwa kula peremende, wala mama yake hana kosa. Kwa watoto wa namna hiyo sindano ya insulini, iliyopatikana Toronto kwa kazi ya Banting, Best, Collip na Macleod mwaka wa 1921 na kutumiwa kwa mgonjwa wa kwanza Januari 1922, ndiyo uhai wao.

Ilikuwa mwaka wa 1936, mwaka mmoja baada ya Trowell kufika Kampala, ambapo daktari mwingine wa London, Harold Himsworth, alionyesha kwamba visukari ni viwili. Aliwapa wagonjwa sukari ya kunywa na papo hapo akawachoma sindano ya insulini. Katika baadhi yao insulini iliizuia sukari isipande. Katika wengine, wengi wao watu wazima na wanene, sukari ilipanda kama kwamba hawakuchomwa kitu. Akafahamu kwamba kasoro yao si kukosa insulini bali ni kutoisikia. Madaktari wengi hawakumshughulikia. Hata mwaka wa 1960, Yalow na Berson wa New York walipogundua njia ya kuipima insulini katika damu, wakakuta wagonjwa wengi wa kisukari cha utu uzima wana insulini nyingi, wala si kidogo.

Mwaka huo huo wa 1960 ndio kitabu cha Trowell kilipotoka, juu ya maradhi ya Afrika yasiyoambukiza. Yeye alikuwa amekwisha rudi Uingereza tangu mwaka wa 1958. Kitabu hakikupata wasomaji wengi, na sababu yake si ngumu kuifahamu. Nani atanunua kitabu cha maradhi yasiyokuwapo? Watu walitaka habari za malaria, ndui na kifua kikuu. Naye Trowell alikuwa amekwisha vua koti la udaktari. Alisomea dini, akawa padri wa kanisa la Anglikana katika kijiji kilicho karibu na mji wa Salisbury, akawa anaozesha, anazika, na kuwazuru wagonjwa kwa sala badala ya dawa. Ungedhani habari yake imekwisha.

Mwaka wa 1970 alirudi kutembea Afrika ya Mashariki. Alipita katika miji ile ile aliyoijua ujanani, akashangaa. Kule ambako zamani ilikuwa taabu kumwona mtu mnene, sasa wanene walikuwa wengi njiani. Na katika kila mji mkubwa kulikuwa na kliniki ya kisukari, tena yenye wagonjwa wengi. Akaona kwamba unene na kisukari ni kama pacha, wamezaliwa wakati mmoja na wanakua pamoja. Watu ni wale wale, watoto na wajukuu wa wale aliowatibu, damu ni ile ile. Kilichobadilika ni maisha. Fikiria, msomaji, mtu ambaye alitumia miaka 25 kupigana na njaa ya watoto, kisha akarudi na kukuta baadhi ya kizazi kile kile kinauguzwa na shibe.

Padri akawa daktari tena. Alishirikiana na Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka wa 1946 mpaka 1966, na ambaye jina lake limepewa saratani moja ya taya za watoto. Burkitt alikuwa amepata fikra za Cleave, daktari wa jeshi la maji la Uingereza, aliyekuwa akisema kwamba sukari nyeupe na unga mweupe ndio shina la maradhi haya yote. Trowell alikwenda njia yake kidogo. Yeye hakutazama tu kile kilichoongezwa katika chakula, alitazama kilichoondolewa. Nafaka ikikobolewa sana hutupwa makapi pamoja na nyuzinyuzi, zile ambazo tumbo haliwezi kuzisaga na kwa hivyo zilidhaniwa hazina kazi. Watu wa Uganda aliowajua walikula ndizi, viazi vitamu, kunde na mtama, vyakula ambavyo sukari yake hutoka polepole. Mwaka wa 1974 na 1975 akaandika makala akidai kwamba kukosa nyuzinyuzi ndiko kunakozaa kisukari cha utu uzima. Yeye na Burkitt wakatoa vitabu viwili, kimoja mwaka wa 1975 na kingine mwaka wa 1981, na neno nyuzinyuzi likaingia katika mazungumzo ya watu wa kawaida, likaandikwa mpaka katika maboksi ya biskuti.

Sitaki kumsifu kupita kiasi. Moja katika hoja zake lilikuwa kwamba vifo vya kisukari Uingereza vilipungua wakati wa vita vya pili na miaka iliyofuata, serikali ilipowalisha watu mkate wa unga usiokobolewa sana. Hoja hiyo naiona ina tundu. Wakati wa vita sukari nayo iligawiwa kwa kipimo, siagi na nyama pia, na petroli ilikuwa adimu kwa hivyo watu walitembea kwa miguu. Nani ajuaye ni lipi katika hayo lililofanya kazi? Uchunguzi uliofanywa baadaye umeonyesha kwamba watu wanaokula nafaka zisizokobolewa hupatwa na kisukari kidogo zaidi kuliko wengine, basi hakukosea. Lakini nyuzinyuzi peke yake si ufunguo wa kila kitu. Mafuta yanayojaa tumboni, kukaa kitako mchana kutwa, kurithi kutoka kwa wazazi, yote yana sehemu yake. Mwaka wa 1988 Gerald Reaven wa Stanford, Marekani, aliyaunganisha mambo hayo katika mhadhara mmoja, akaonyesha kwamba kisukari, shindikizo la damu na mafuta mabaya ya damu huandamana kwa sababu nyuma yao upo usugu ule ule wa insulini. Yale ambayo Trowell aliyaorodhesha kwamba yote kwa pamoja hayapo Mulago, Reaven alieleza kwa nini yakija huja kwa pamoja.

Na liko jambo jingine linalounganisha nusu mbili za maisha yake, ambalo hakulidiriki. Mwaka wa 1992 Waingereza wawili, Hales na Barker, walitoa rai kwamba mtoto aliyekosa chakula akiwa tumboni mwa mama yake, au katika uchanga wake, huzaliwa na mwili uliojipanga kwa ajili ya njaa, na kongosho dogo. Akija kukulia katika shibe, mwili huo haujui la kufanya na mizigo, na kisukari humpata upesi. Ikiwa ni hivyo, basi watoto waliozaliwa katika dhiki na wale wazee wa kliniki za kisukari wa mwaka wa 1970 huenda wengine walikuwa watu wamoja.

Nikirudi Michenzani, ambako magari na watu hawakatiki, sihitaji kipimo kuona alichokiona Trowell. Asubuhi kuna chapati za unga mweupe, mandazi, vitumbua, na chai ambayo mgeni akiinywa huuliza kama ni asali. Mchana wali mweupe. Jioni urojo, chipsi, na soda katika kila duka. Sisemi vyakula hivi ni haramu, na mimi mwenyewe urojo siuachi. Nasema kwamba babu zetu waliokula mihogo na samaki walikwenda shamba au baharini kwa miguu yao, na sisi tunapanda bodaboda kwenda mtaa wa pili. Msuli unaofanya kazi una siri yake. Hufungua mlango wa sukari bila ya kungoja hodi ya insulini. Kwa hivyo anayekaa ghorofa ya juu kabisa na kupanda ngazi na ndoo ya maji, pamoja na kulalamika kwake, anajipatia dawa asiyoinunua. Katika mwaka wa 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda kidogo. Waliopunguza uzito kiasi cha 7 katika kila 100 na kutembea dakika 150 kwa wiki walipatwa na kisukari pungufu ya wenzao kwa 58 katika kila 100, nao walifanikiwa kuliko wale waliopewa vidonge. Dakika 150 ni chini ya nusu saa kwa siku, muda mdogo kuliko tunaoupoteza kungoja zamu ya mpira.

Daktari Trowell alifariki mwaka wa 1989, Bibi Margaret akiwa amemtangulia mwaka wa 1985. Mwaka ule ule aliokufa, Daktari Donald McLarty wa Muhimbili, pamoja na Daktari Swai na wenzao, walichapisha habari za watu wazima wapatao 6,000 wa vijiji sita vya Tanzania waliopimwa sukari. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila 100. Uchunguzi mwingine ulifanywa Tanzania Bara mwaka wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64 wa mijini na vijijini, nao ulikuta wenye kisukari ni karibu 9 katika kila 100.